Babu Meno na Maharage ya Ghala la Pili

Uongozi wa ghala ulitangaza juzi, kwa masikitiko makubwa, kwamba maharage ya Ghala la Pili yalikuwa yamekufa zamani, hayakuwa na uwezo wa kuota, na kwa hiyo hayakuhusika kwa namna yoyote na kifo cha mpendwa wetu. Familia imelipokea tangazo hilo.

Marehemu, Babu Meno kwa wajukuu zake, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha duka la mbegu la baba yake. Alisomea kemia ya mimea, akaajiriwa kwenye maabara ya ghala, na huko akaipenda vita moja maisha yake yote. Mbegu ikishakunywa maji, vimeng'enya vyake huishambulia protini iliyohifadhiwa ndani na kuirarua vipandevipande, bila huruma, ili chipukizi lipate kula. "Kila punje ni machinjio," aliwaambia wajukuu mezani. Walikula hivyo hivyo.

Kuijua mbegu iliyo hai, aliiloweka, akaipasua, akailaza juu ya gelatini, ambayo nayo ni protini. Vimeng'enya vikiwa kazini, gelatini ilitoboka.

Alifunga ndoa tarehe 14 Juni 1986. Alipokwenda kujitambulisha ukweni alikuta pudini ya gelatini, akashindwa kujizuia, akaichomekea nusu ya harage lililochipua. Asubuhi pudini ilikuwa na shimo.

"Mwanangu, umekuja kuoa au kubomoa?" mama mkwe aliuliza.

"Vyote, mama."

Akapewa mke.

Hakuugua. Paa la Ghala la Pili lilivuja, maharage yakavimba na kuusukuma ukuta, ukaanza kulia. Alimpelekea meneja sahani ya gelatini iliyojaa matundu, akimsihi awatoe watu.

"Mzee, hayo yalishakufa."

"Hata maiti huvimba, bosi. Na haya bado yanatafuna."

Meneja alicheka. Wapakiaji, wanawake watupu, wakaambiwa waendelee.

Tarehe 9 Mei 2024 ukuta ulipasuka. Aliingia mbio akifoka, "Tokeni, dada zangu! Acheni magunia!" Wa mwisho, aliyerudi kuchukua viatu, Babu alimtoa kwa teke. Kisha shehena ikamwangukia, ikamvunja mbavu, ikamzika akiwa amesimama. Alichimbuliwa kwa makoleo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, mama mkwe asiyetaka kufarijiwa, na wapakiaji wa zamu ya asubuhi, wote wazima. Apumzike sasa, amepigana vya kutosha.

Koti lake lilirudishwa nyumbani likiwa limelowa, mifuko imejaa maharage. Mjane alilitundika jikoni. Leo asubuhi yameota.