Mama Tiketi na Ukweli Aliowaambia Wateja

"Wewe mama, nimekuajiri uuze tiketi au ufukuze wateja?" mwenye sinema alifoka, na marehemu mama yetu akamjibu bila kuinuka pale dirishani, "Bosi, mama wa watu kaniuliza filamu ikoje, nimdanganye?"

"Si ungesema inachekesha!"

"Inachekesha, ndiyo. Yaya anapigwa makofi mara tisa, ukumbi mzima unacheka, na huyo mama kaja na kabinti ka miaka sita."

Siku hiyo, tarehe 19 Mei 2023, mama alirudi nyumbani hana kazi.

Ndugu waombolezaji, mama yetu, mliyezoea kumwita Mama Tiketi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, akiwa mtoto wa tatu wa babu na bibi, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1993, akafanya kazi za ndani katika nyumba za watu kwa miaka kumi, na tarehe 2 Februari 2004 akaajiriwa kwenye sinema. Mwaka 2006 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, wakajaliwa mimi na mdogo wangu, na baba akatutangulia mwaka 2015.

Kila filamu mpya mama aliitazama kwanza, amesimama nyuma ya viti, kwa sababu wazazi walimuuliza. Damu haikumsumbua, alisema watoto wanajua ile ni rangi, ila wakizoea kumcheka anayeonewa, kicheko hicho wanarudi nacho nyumbani.

Alipokosa kazi niliacha shule, kidato cha pili, nikamwambia maneno ninayoona haya kuyasoma leo, kwamba amemtetea yaya wa kwenye pazia la sinema akamsahau binti yake, naye akaendelea kukunja nguo.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na tarehe 3 Februari 2025, saa nne asubuhi, akafariki akiwa na miaka arobaini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu fundi cherehani aliyetulisha wiki nzima, na wafanyakazi wenzake wa sinema mliofika. Mama, pumzika, Mungu akupe amani ambayo mimi sikukupa.

Jumapili ya mwisho nilikuwa nimeshafika mlangoni mwa wodi, naondoka, akaniita, akasema, "Mwanangu, ya shule unisamehe. Lakini yule mama akija tena na mtoto wake, nitamwambia vilevile."