Sumaku Aliyotuachia Mwalimu Marcelino

Tarehe thelathini Juni mwaka huu Mwalimu Marcelino Mgaya anastaafu, baada ya miaka thelathini na mbili ya kufundisha fizikia. Alianzia Rujewa, kisha akahamia hapa kwetu Kihesa na hakuhama tena. Walimu wenzake wamesema mpishi ndiye amwandikie, maana Mwalimu alikaa jikoni kuliko ofisini. Basi mimi Bibi Tekla nimesema, Happy wa mapokezi ameandika, na nimemkataza kunipambia maneno.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kufundisha jambo darasani, alikuja kulijaribu kwangu, amekaa kwenye kigoda kando ya sufuria la uji, suruali nzima chaki. Alidai mimi nikielewa, Kidato cha Tatu nao wataelewa. Masikini, sikumsaidia. Wiki hii mwanga ni mawimbi, wiki ijayo mwanga huohuo ni chembechembe. Nikamwambia achague moja. Akasema hata wakubwa wa sayansi hawajachagua. Nikamjibu kwamba basi waache kusumbua watoto wa watu.

Kilichonivuruga zaidi ni habari ya ukoo. Eti mwanga, joto la moto wangu, matangazo ya redio na ile mionzi ya kupiga picha mifupa hospitalini, wote ni ukoo mmoja, mawimbi ya sumakuumeme, wanapishana urefu wa wimbi tu. Ukoo gani huo, mmoja unamwona, mwingine unamhisi, wa tatu anakupita mwilini bila hodi? Na humohumo akaingiza sumaku, ambayo haiwaki wala haiimbi. Mpaka leo sijui imefikaje.

Lakini sumaku ndiyo iliyonibakiza hapa. Mwaka mmoja wazazi walilalamika kwamba ugali wa shule una mchanga. Kamati ya chakula ikakaa, ikasema mpishi ni mchafu, aondoke mwezi ukiisha. Niliwaeleza kwamba unga nauchekecha, wakatazama pembeni. Nyumbani nina wajukuu wanaokula kwa kazi hii. Nilikwisha kufunga khanga zangu.

Mwalimu Marcelino akaingia kikaoni bila kuitwa, ameshika sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu na kuivalisha mfuko wa nailoni. Akaipitisha taratibu ndani ya sinia la unga. Ilipotoka ilikuwa imeota ndevu nyeusi. Mwenyekiti, Mzee Filemoni, akasema si ndio uchafu wenyewe huo.

“Mzee wangu, mchanga haushikwi hivi,” Mwalimu akamwambia. “Hiki ni chuma. Na Bibi hana chuma cha kusagia.”

Kumbe nyundo za mashine ya kusaga zilikuwa zimelika, zinamwaga vipande kwenye unga wa watoto. Zikabadilishwa, mimi nikafungua khanga zangu. Mzee Filemoni aliniletea jogoo. Nilimpokea vizuri, nikamsema hapohapo mlangoni, tukala wote.

Tangu hapo hakuna unga unaoingia chunguni kabla haujapitiwa na sumaku. Wanafunzi wake wengine ni mafundi umeme migodini Makongolosi, na Nasrin anapiga picha za mionzi hospitalini Mbeya. Hao walielewa. Mimi wiki iliyopita nimemuuliza tena, kitu gani kinatoka kwenye sumaku kwenda kushika chuma, na katikati hamna kitu? Akasema ni uga wa sumaku. Nikapitisha mkono, sikugusa chochote. Akasema hata yeye hajawahi kuugusa.

Sasa anarudi Rujewa kwenye mpunga wake. Sumaku ametuachia. Imejibandika kwenye mlango wa chuma wa stoo, haina kamba wala msumari, na kila asubuhi nikiivuta, nayo inanivuta kidogo kabla ya kuachia.

Mwalimu, asante. Uende salama, mpunga wako uzae, magoti yako yasikusumbue. Kigoda chako hakikaliwi na mtu. Mimi bado sijaelewa, kwa hiyo itabidi uje tena.