Matete ya Banda la Kuku

Nilikuwa nimeinama nageuza dagaa kwa fagio la chelewa, nimefika nusu ya turubai, Magesa aliponiita kutoka kwenye benchi.

— Mama Adam, acha dagaa kwanza. Ziwa limefika ofisini.

Benchi lenyewe ni ubao wa mtumbwi mkongwe juu ya magogo mawili, hapa mwaloni kwetu, mitumbwi inapotia nanga, upande wa Geita, chini ya kivuli kilichoezekwa kwa matete. Kahawa ni yangu. Benchi ni la wanaume watatu wanaoliita ofisi. Magesa ni Karasha, kwa sababu aliwahi kusaga mawe ya dhahabu kwa mashine ya karasha kule Nyarugusu na sasa anasaga maneno. Thobias ni Injinia. Anatengeneza injini za mitumbwi, na injini zake humkumbuka, hurudi upesi. Donatus ni Mita Sitini. Alisikia mkutanoni kwamba sheria inakataza kujenga ndani ya mita sitini kutoka ziwani, na tangu hapo hajasikia kitu kingine. Kulia kwetu kuna nyumba ya Bosi Nkwabi, mnunuzi wa dhahabu: ghorofa mbili, vioo kila upande, na ukuta wa mawe ulioingia hadi majini.

Nilikuja na birika. Kweli, magogo ya benchi yalikuwa yameloa. Mimi niliangalia turubai langu. Wiki iliyopita maji yalibeba chanja zangu zote, na mchanga mkavu uliobaki ulitosha turubai hilo moja tu. Gari la kwenda Isaka linapakia kesho asubuhi. Dagaa wasipokauka leo, kesho ni chakula cha kuku.

— Hili ziwa linatufuata, akasema Karasha, amepandisha miguu juu ya benchi.

— Haba na haba hujaza kibaba, akasema Injinia.

— Hiyo ni ya akiba, nikamwambia.

— Kwani maji hayajajiwekea akiba, Mama Adam? Nimiminie. Sasa sikilizeni sayansi. Ukijaza beseni, ukamkalisha mtoto ndani, maji yanafanyaje?

— Yanapanda.

— Mtoto ndiyo ile nyumba. Marumaru tupu, yamekuja kwa malori. Ardhi imedidimia kule, maji yamepanda huku. Siku ya sherehe ya bosi, walipoanza kuwasili wale wageni wanene, mimi nilikwenda kufunga mtumbwi.

— Wewe unajua injini, akasema Karasha. Mimi nimeingia chini ya ardhi. Kila duara, yaani shimo la dhahabu, tulilochimba, tukikaribia mwamba wenye mali, maji yanatangulia. Maji yanapenda dhahabu kuliko broka anayeinunua. Ndani ya ile nyumba kuna mali, na ziwa limeinusa.

— Mbona linakuja kwetu na nyumba iko kule? akauliza Injinia.

— Limekosea mlango. Mwenda pole hajikwai.

Mita Sitini alikuwa anapuliza kahawa yake. Huwa anangoja wenzake wachoke.

— Nyinyi mnakosea kwa sababu hamfuati sheria, akasema. Bosi alipima kiangazi. Nilikuwepo, nilishika kamba. Zilitimia mita sitini kamili. Leo hazifiki hata thelathini. Nani amesogea? Nyumba imesogea?

— Haijasogea.

— Basi ziwa ndilo limeingia ndani ya mita sitini. Mvunja sheria ni ziwa. Liandikiwe barua na serikali ya kijiji.

— Lisipoitikia?

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

— Mama wa ziwa ni nani? nikauliza.

— Mto Kagera, akasema Karasha.

— Kagera ni baba, akasema Injinia. Analeta tu, haangalii kunalelewaje.

— Ni ule ukuta, nikasema. Wimbi likiupiga halipati pa kulala, linakuja kulala kwangu.

Karasha alinitazama kwa huruma.

— Mama Adam, hilo kila mtu analiona. Hapa tunatafuta sababu.

Nikarudi kwenye dagaa. Sikuwa nimefagia hata mara mbili, wimbi likaja likalamba pindo la turubai. Nikalikunja kidogo, dagaa wakarundikana. Dagaa waliorundikana hawakauki, wanachemka.

Ndipo alipoteremka bibi mmoja kutoka upande wa nyumba kubwa, kitenge kifuani, kikombe cha bati mkononi. Tulimjua kwa kumwona kwenye dirisha tu. Ni Bibi Mageni, mama yake Nkwabi. Mwanawe alimleta kutoka Tinde mwezi uliopita aje apumzike.

— Mwadela, akasalimia kwa Kisukuma.

— Mwadela, mayu. Shikamoo, mama, tukaitikia.

— Marahaba, wanangu. Nimesikia harufu ya kahawa. Kule kuna mashine ya kahawa, lakini inataka nywila.

Injinia alifuta benchi kwa shati lake. Bibi hakukaa. Nilimmiminia, akawa anakunywa huku ameinua uso, anakagua kivuli.

— Nkwabi amenipa chumba ambacho ukuta wake ni kioo. Nikilala naona maji, nikiamka naona maji, utadhani mimi ni kambare. Kuku niliokuja nao wanalala bafuni. Nataka niwajengee banda. Haya matete ni mazuri, yamenyooka. Mmeyakata wapi?

Karasha alishusha miguu, akaiweka majini bila kujua.

Matete hayo yalikuwa yameota hapo hapo mbele ya bibi. Kiangazi cha mwaka jana yalisimama kuanzia chini ya ile nyumba hadi kwenye benchi, marefu kumpita mtu, mawimbi yakifika humo yanakufa. Sato walizalia humo. Msimamizi wa bosi akaja kutafuta vibarua wa kuyang'oa na mizizi yake, ili bosi akiwa kitandani aone maji. Ofisi nzima iliingia kazini. Walipomaliza, msimamizi akawaambia matete chukueni, wakaezeka benchi.

— Ni ya zamani haya, mama, akasema Mita Sitini.

— Sijauliza ya lini. Nauliza wapi, na mimi nikakate.

— Maji yakimwagika hayazoleki, akasema Injinia.

Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake, na haikumfurahisha.

Wimbi jingine likaja. Safari hii nilishika turubai kwa mikono yote.

— Wewe mama, akasema Bibi Mageni, mbona unaanika dagaa majini?

— Ndiyo mchanga uliobaki.

— Pale mbele ya nyumba kuna sakafu kubwa, jua kutwa, haina kazi. Nilipoiona nilimwambia Nkwabi, hapa tungeanika mpunga wa Tinde nzima. Akacheka. Nyie wanaume, bebeni.

Wakabeba, mbiombio, kama watu waliosamehewa. Mlinzi alitokea getini.

— Bibi, bosi amesema marumaru yasikanyagwe na viatu.

— Dagaa wana viatu?

Akafungua.

Marumaru yale yalikuwa ya moto kama kikaango. Kufikia alasiri dagaa walikuwa wanavunjika mkononi, wakaingia kwenye magunia ya kwenda Isaka. Wa pembeni, waliokwisha kuloa sana, niliwaunga kwa nyanya, nikasonga ugali mkubwa, maana waliobeba lazima wale.

Giza lilikuwa linaingia nilipotenga chakula uani kwangu. Nikahesabu watu, wanangu kwanza, kama ninavyohesabu kila jioni, kwa kuwa ninaishi karibu na maji: Adam yupo, Mariana yupo, Ritha yupo, ameanza kusinzia. Ofisi yote ipo. Bibi Mageni yupo, amekataa kula peke yake mbele ya kioo.

— Na Jumamosi bosi akija, akakuta marumaru yananuka dagaa? akauliza Karasha.

— Atanikuta mimi niliyemzaa, akasema Bibi.

Akanawa, akamega tonge, akalishika bila kulila.

— Sasa, wanangu, akasema. Yale matete mliyakata wapi?

Wanaume watatu wakajaza ugali midomoni kwa pamoja. Nikasogeza bakuli la dagaa katikati.