Majani Niliyoyafyeka Ndiyo Niliyoyapanda

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Mke wangu, yule pale anayecheka, amenionya nisirefushe maneno. Nitajaribu.

Mnalijua shamba langu la Mwanda, lile la mteremkoni. Mlimani kwetu kuna mmea wa porini wa jamii ya maharagwe. Unatambaa juu ya mawe, kiangazi hakiuui, na ukiukata unachipuka tena mwaka baada ya mwaka. Shamba langu lilijaa mmea huo, nami nikauona uchafu. Mke wangu akaniambia, "Baba, hiyo ya juu iache. Ndiyo inashika udongo."

Nikamjibu, "Wewe unajua nini?" Nikafyeka, nikang'oa mizizi, nikachoma.

Mvua ya masika ilipokuja, udongo wangu wote ulishuka ukafukia mahindi ya jirani. Alikuja, akasimama. Hakunitukana, aliniangalia tu. Afadhali angenipiga!

Kwa aibu nikakimbilia Voi. Nikapanga chumba Kaloleni, nikabeba magunia stesheni, na kila jioni nikanywa. Miezi minane sikukanyaga nyumbani.

Siku moja mke wangu akaja, mtoto mgongoni. Hakulia. Alisema, "Ng'ombe za watu zinakufa na kiangazi. Yetu imesimama. Unajua inakula nini?"

Kumbe kila asubuhi alikuwa akipanda majabalini kukata mmea uleule.

"Nimechoka kuparamia mawe peke yangu," akasema.

Ndugu zangu, sikungoja aseme mara mbili. Nilichukua blanketi langu, tukarudi.

Tukakusanya mbegu kwenye maganda makavu, tukapanda. Hazikuota. Msimu wa pili, hivyo hivyo. Watu wakaniita mkulima wa magugu. Mko hapa, msijifiche! Nilitamani kurudi kwenye chupa, sitawadanganya.

Halafu asubuhi moja mke wangu akaniita kwa kelele, nikadhani ni nyoka. Nyuma ya jiko, pale anapomwaga maji moto ya sufuria, mbegu zilizodondoka tulipokuwa tukizipukuchua zilikuwa zimeota, kila mche na majani matatu. Bwana shamba alipopita akatueleza: ganda lake ni gumu mno, maji baridi hayaingii.

Basi tukaziloweka kwa maji moto. Si yanayotokota, mtaziua! Tukachimba matuta yaliyokingama mteremko, tukazipanda juu yake kwa mistari. Zikaota zote, zikafunika ardhi kama mkeka.

Masika yaliyofuata, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Nilikaa mlangoni nikiangalia mteremko. Siku ya tano jua likatoka, nikapanda juu kuangalia. Udongo uko palepale! Palepale, ndugu zangu! Nikapiga kelele hadi ng'ombe akashtuka.

Wiki hiyo jirani yangu akaja na mfuko mtupu. "Nipe mbegu na mimi," akasema. Nilimwomba msamaha mbele ya watoto wake, kisha tukapanda pamoja kwake. Leo kwangu maziwa yanatosha chai ya nyumbani na ya wageni, na pombe sijaigusa tena.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru nyinyi mliokuja na majembe kunisaidia kuchimba matuta. Asante, bwana shamba. Na wewe, mama watoto, simama wakuone.

Wanaume wenzangu, mkeo akikuambia "hiyo iache," weka panga chini kwanza, umuulize kwa nini. Mimi sikuuliza, na nusura nipoteze mlima mzima pamoja naye.