Chapeo ya Abdulla

Seredani ya makaa ya Abdulla, muuza kahawa wa baraza ya nyuma ya Darajani, ilitoboka kitako asubuhi ile, kahawa ikabaki inapoa, na mwaka wenyewe wa sabini na moja bati halikuonekana dukani. Ndipo akaleta kofia ya chuma iliyokuwa uvunguni mwa kitanda cha marehemu mama yake. Duni, fundi bati, aliipakata, msumari na nyundo mkononi, aitoboe matundu ya hewa itiwe makaa. Lakini wenye baraza yao hawakumwacha apige.

— Ngoja, Duni, akasema Nasser, waliyemwita Redio kwa kujua kila kitu. Hiyo chapeo. Ya Mreno hiyo.

— Mreno wapi? Sleiman, yeye jina lake Mahakama, hakubali neno bila ya kubisha. Ya Mjarumani. Nshaiona sinema.

— Ya Mjarumani ina mwiba utosini.

— Umekatwa, wakafanyia kinara cha taa.

— Basi nnakwambieni, Mreno akipikia. Mchana vitani, jioni anaipindua anatia mchele.

— Na kichwa?

— Kinapunga upepo.

Abdulla alicheka nao, macho yake kwenye msumari. Mama naye akiiita chapeo. Kila mkesha wa Idi akiipaka mafuta ya nazi isishike kutu, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha uvunguni, na chumba chao cha Jang'ombe kikanukia mpaka asubuhi. Harufu ile aliitamani sana.

Bibi mmoja mgeni, kikapu cha samaki mkononi, alisimama kuitazama.

— Shikamoo, bibi.

— Marahaba, wanangu. Huyo alokuwa akiivaa, alirudi?

Redio akamtazama Mahakama. Mahakama akatazama kikombe chake.

Baba yake Abdulla alikwenda vitani Bama, huko Asia, na jeshi la Mngereza, mtoto hajajua kukaa kitako. Vita vilipokwisha, mwenzake mmoja aliileta chapeo, akanywa maji, akaondoka, na alilokuja kulisema hakulisema.

— Sijui, bibi, akasema Abdulla. Mama hakukaa eda mpaka anakufa. Hakuna aliyemwambia akae.

Akaitwaa chapeo mapajani mwa Duni, akaifuta vumbi kwa shati lake.

— Weka nyundo, Duni. Kahawa ya leo baridi.

Mahakama, ambaye huirudisha kahawa ikipungua moto kidogo tu, ndiye aliyekuwa wa mwanzo kunyoosha kikombe.