Munyiva Mbithi Aondoka Jikoni Baada ya Miaka Kumi na Saba

Bi. Munyiva Mbithi, mpishi wetu kwa miaka kumi na saba, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Agosti 2008. Amefikisha miaka hamsini na mitano, magoti yanamuuma, na mwenyewe anasema amechoka. Sisi tunaobaki katika kitengo hiki cha watoto wenye mahitaji maalum hapa Kitengela tumechoka pia, kwa hivyo mimi, Katee, sitaandika kwa mbwembwe.

Alianza kazi mwaka wa 1991, akipikia watoto kumi na mmoja. Hakuna aliyemwonya kwamba mmoja angetema chochote chenye punje, na mwingine angelia akiona maharagwe yamegusa wali. Wiki ya kwanza alidhani anadharauliwa. Wiki ya pili alianza kupakua wali upande wake na maharagwe upande wake, na hakuacha tena. Mkaguzi aliyetutembelea 1995 alipakuliwa vivyo hivyo, vyakula vimetengana kama wakwe waliokosana. Alikula bila kuuliza.

Mwaka wa 1998 Zipporah alimleta binti yake Soipan, wa miaka saba, kutoka Mashuuru. Soipan hakuwa akiongea. Neno usonji hatukulijua bado. Barua ya kliniki ilisema tu kwamba ana akili nzito. Nyumbani alikunywa maziwa na kula ugali. Kwetu, saa ya chakula ikifika, aliziba masikio na kuingia chini ya meza.

Wakati huo mwalimu mkuu wetu, Bw. Githongo, alirudi kutoka semina na karatasi iliyodai kwamba maziwa na ngano ndivyo vinavyowavuruga watoto kama hawa. Akaagiza Soipan asipewe maziwa, hata nyumbani.

"Sisi ni watu wa ng'ombe," Zipporah alisema. "Lakini kama ni maziwa yameharibu mtoto wangu, tutaacha."

Waliacha kwa miezi mitatu. Maneno hayakuja. Mtoto alikonda mpaka sketi yake ikafungwa kwa kamba kiunoni.

Nilikuwa ofisini kwa Bw. Githongo nikijaza rejista Bi. Munyiva alipoingia na aproni yake. "Mwalimu, mtoto anaisha," alisema. "Hiyo karatasi haijawahi kumwona Soipan." Bw. Githongo alimwambia arudi kwa sufuria zake. Alirudi. Kesho yake, kwa ombi lake, Zipporah alileta maziwa, naye akayachemsha mlango ukiwa wazi, akijua anaweza kufutwa.

Kisha akafanya jambo ambalo sisi wenye vyeti hatukuwa tumefikiria. Saa ya chakula aliingia chini ya meza, akakaa na Soipan. Huko ndiko alikosikia sahani za bati thelathini na vijiko vya chuma vikigongana, na viti vikiburutwa kwenye saruji.

"Katee, hata mimi ningejificha," aliniambia akitoka huku anasugua masikio.

Tulitafuta sahani za plastiki, na Soipan akawa anakula varandani kabla ya kengele. Siku ya nne alimaliza ugali wake. Bw. Githongo alikuja, akaitazama sahani tupu, akasema, "Basi mpikie anavyotaka." Hiyo ndiyo samahani tuliyopata.

Kilichomtesa Zipporah zaidi ni lawama. Jamaa walisema alibeba maji mengi mno akiwa na mimba. Mwaka wa 2001 Bi. Munyiva alitumia likizo yake kumsindikiza kwa daktari Nairobi. Daktari aliwaeleza kwamba ubongo wa Soipan ulikua kwa njia tofauti, huenda tangu tumboni. Huenda kuna kurithi, huenda mambo kadhaa yalikutana, na wataalamu bado wanatafuta. "Lakini si maji uliyobeba, mama." Zipporah alilia njia nzima hadi Athi River. Bi. Munyiva alimshikia kiondo.

Soipan sasa ana miaka kumi na saba. Haongei. Yuko nyumbani na mamake, anakamua mbuzi, ana afya. Wako wengine ambao hatukuwafikisha hata hapo, na Bi. Munyiva anawakumbuka wote kwa majina.

Juzi, tukiosha masufuria, aliniambia, "Miaka yote hii, Katee, na bado sijui hii kitu hutoka wapi. Najua tu kila mmoja anakula nini."

Asante, Mama Mwelu. Nenda Kangundo kwa binti yako Mwelu, uketi, unyooshe miguu. Siku zako zilizobaki ziwe nyepesi, na angalau mara moja upikiwe wewe, na mtu akuulize unataka nini.