Abigael Asekon na Tahadhari Iliyokwama Lodwar

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, hapa Kakuma, ni Abigael Asekon, mtoto wa Mzee Lomuria na Mama Namuar. Alizaliwa Kainuk tarehe 14 Julai 1991.

Alisoma shule ya msingi Kainuk na sekondari Lodwar, kisha akapata diploma ya kompyuta Eldoret mwaka 2013. Akiwa darasa la sita alimbishia mwalimu wa hesabu mpaka akatolewa nje, akaendelea kubisha kupitia dirishani. Mwalimu alicheka, akamrudisha.

Mwaka 2016 aliajiriwa Lodwar katika mradi wa tahadhari za mafuriko. Mvua ikinyesha milimani, taarifa ilitoka kwenye tovuti na kuingia yenyewe kwenye simu za watu. Kakuma nako shirika lingine likaanzisha mlisho wake wa taarifa, wa muundo mwingine. Maji ni yale yale, lakini simu za Kakuma hazikuweza kusoma taarifa za Lodwar. Kila ofisi ilishikilia kwamba muundo wake ndio sahihi. Abigael aliwasihi wakubaliane, wakaunda kamati. Alipochoka kungoja, aliandika mwenyewe programu ya kugeuza muundo mmoja kuwa mwingine. Watu wa Kakuma wakazoea kutazama simu kabla ya kuvuka laga ya Tarach, mto mkavu unaojaa ghafla mvua ikinyesha milimani. Simu ikinyamaza, wanavuka.

Mwaka 2018 aliolewa na Wol Anyang, mfanyabiashara wa kambi ya wakimbizi hapa Kakuma, kutoka Sudan Kusini. Wazee wetu walitaka mahari ya ngamia, wazee wa Kidinka wa upande wa Wol walizoea kutoa ng'ombe, na hawakuwa na lugha moja. Walikaa asubuhi, jioni wakawa wameelewana. Ofisi mbili zenye kompyuta na viyoyozi zimeshindwa mpaka leo.

Mwezi Machi mwaka huu kamati ilimwita.

"Madam, hiyo kitu yako haijapitishwa," mwenyekiti alimwambia. "Zima kwanza, tungoje standadi."

"Na maji pia itangoja kamati?"

Waliizima programu hiyo wenyewe, na hawakumwambia mtu yeyote Kakuma.

Sehemu hii ya wasifu husomwa habari za ugonjwa. Abigael hakuugua. Jumanne tarehe 29 Aprili alikuwa nyumbani Kakuma, jua linawaka, rafiki yake wa Lodwar akampigia kwamba maji yanashuka. Alikimbia mpaka Tarach, akawakuta akina mama wanavuka na kuni. Alipiga kelele watoke.

"Simu haijasema kitu!" Ayak, jirani yake, alimjibu akiwa katikati ya laga.

Abigael aliingia, akamsukuma Ayak mpaka ukingoni. Ayak yuko hapa nasi. Abigael alichukuliwa na maji, tukampata kesho yake. Msituambie ni kazi ya Mungu. Taarifa ilikuwa imeshatoka Lodwar tangu asubuhi, na hakuna simu ya Kakuma iliyoweza kuisoma.

Amewaacha mume wake Wol, binti zake Arek na Akuei, wazazi wake, na kaka yake Ereng, anayesoma haya. Ofisi zote mbili zimetuma rambirambi na wawakilishi, nasi tumewapokea na kuwaketisha mbele. Tumesikia kamati itakutana tena Juni. Mvua inanyesha sasa.

Mungu amlaze Abigael kwa amani. Nyinyi mlioketi viti vya mbele, msipumzike.